Mageta Ikipotea

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya tarehe 14 Oktoba 2025, katika ukumbi wa mapokezi wa kiwanda cha Lishe Winam mjini Kisumu, palikuwa na viti kumi na viwili na watu kumi na tisa. Dorca Aloo aliwahesabu mara mbili kwa sababu hesabu ya kwanza hakuiamini. Kumi na tisa. Nafasi iliyotangazwa ilikuwa moja.

Hakupata kiti. Alisimama kando ya ukuta, na kwa kuwa hakuwa na jambo jingine la kufanya, akaanza kuusoma ukuta. Kila mwaka kiwanda hicho cha chakula cha kuku na samaki kilichukua wanagenzi, yaani vijana waliotoka chuoni ambao hawajawahi kuajiriwa, kikawafundisha kazi kwa miezi kumi na miwili. Siku zao za kwanza kiliwapiga picha ya pamoja. Picha ya 2019 ilikuwa na watu kumi na wawili katika safu mbili. Ya 2022 ilikuwa na wanane. Ya 2023 ilikuwa na wanne, wamesimama mbalimbali kidogo ili fremu isionekane tupu. Mahali pa 2024 palikuwa na msumari peke yake. Kando yake palikuwa na msumari mwingine, mpya, ambao bado uling'aa.

"Huo wa pili ndio wetu," mtu akasema nyuma yake. "Sote kumi na tisa. Tutaning'inia hapo vipi, hilo sijui."

Alikuwa kijana mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Alijitambulisha kuwa Waswa, mhandisi wa mitambo, kutoka Bungoma.

"Ulimaliza lini?" Waswa akauliza.

"Desemba ya elfu mbili ishirini na tatu. Takwimu."

"Ah, wewe bado mbichi. Mimi ishirini na moja. Nimefanya kazi miaka minne kwenye kiwanda cha sabuni. Mwezi wa tatu wakapunguza watu, wakaanza na mimi. Sasa naomba uanagenzi. Yaani nimerudi darasa la kwanza na ndevu zangu."

"Tangazo linasema aliyehitimu karibuni."

"Karibuni ni neno pana, dada. Unamwona yule wa tai ya kijani? Alinifundisha maabara chuoni. Mkataba wake haukuongezwa. Nimemsalimia 'mwalimu', akaniomba taratibu nisimwite hivyo leo."

Aloo alicheka, kisha akamtazama mwenye tai ya kijani akaacha kucheka. Jambo hili alikuwa amelisoma mwaka wa tatu, likiwa na grafu yake. Mauzo yakishuka, kampuni huwaachisha wazoefu wachache na kuacha kabisa kuajiri wapya. Wazoefu hao hushuka ngazi moja, wakaomba nafasi za wanaoanza. Wanaoanza hawana ngazi ya kushukia. Grafu ilikuwa sahihi. Lakini haikuonyesha kwamba mtu wa ngazi ya juu akishuka, kiti anachokalia ni chako.

Wasifu wake mwenyewe ulikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Baada ya Desemba 2023 haukuwa na kitu. Katika muda huo alikuwa ameomba kazi sitini na nne, akajibiwa tisa, akaitwa mara mbili, na mara zote mbili akaulizwa uzoefu wake uko wapi. Alikuwa akikaa Usenge kwa mama yake, mmoja wa wanawake ishirini na wawili wa kikundi cha kuanika omena, dagaa wa ziwani, pale ufuoni. Fomu ya Lishe Winam ilidai warejelewa wawili, watu wa kueleza habari za mwombaji. Wa kwanza alikuwa mhadhiri wake. Wa pili alitakiwa awe "mtu anayekufahamu kwa kazi". Aloo hakuwahi kuandikwa kazi na mtu yeyote. Aliandika jina la Mama Achola, mwenyekiti wa kikundi, kwa sababu fomu ilikataa kutumwa nafasi hiyo ikiwa wazi. Alimwambia Mama Achola kwamba huenda akapigiwa simu. Hakumwambia zaidi ya hapo, na baadaye alikubali kwamba kosa hilo lilikuwa lake.

Waswa aliitwa wa sita. Alikaa ndani dakika ishirini na tano, akatoka akiwa anatabasamu.

"Wameniuliza unyevu wa omena unapimwaje," akasema. "Nimewachorea mashine. Nimewachorea hata nati zake."

Aloo aliitwa wa kumi na moja, saa nne na dakika arobaini.

Chumbani walikuwa wawili. Meneja wa kiwanda, Maximilla Wakhungu, alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Kando yake alikaa afisa wa wafanyakazi, Bwana Shitanda, mwembamba, faili limefunguliwa mbele yake na kalamu imelazwa sambamba na faili.

Maswali ya mwanzo yalikuwa ya kawaida, na Aloo aliyajibu vizuri. Kisha Shitanda akageuza karatasi.

"Mrejelewa wako wa pili tulimpigia Jumamosi, saa tisa na dakika tano mchana," akasema. "Mimi huandika kama ninavyosikia. Niliuliza: 'Unaweza kusema nini kuhusu Dorca Aloo?' Jibu nitalisoma."

Akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti ile ile ambayo mtu husomea orodha ya vipuri.

"'Dorca Aloo nyar Usenge, binti wa Usenge! Msichana anayeiambia mvua isimame, na mvua ikauliza isimame wapi. Aloo ambaye mawingu yakitaka kupita Usenge humwomba ruhusa. Aloo aliyezihesabu omena zikiwa bado majini, zikaona haya!' Hapa palikuwa na makofi, takriban sekunde ishirini. Kisha ngoma. Kisha: 'Anayebisha asimame!' Nadhani hakusimama mtu. Simu ikakatika."

Shitanda akaiweka karatasi chini na kuinyoosha.

Aloo alihisi masikio yakimwaka. Alijua mara moja kilichotokea. Jumamosi hiyo Usenge kulikuwa na sherehe ya kumkaribisha bibi harusi, bendi ya ohangla ikipiga tangu adhuhuri. Katika sherehe kama hiyo huwa kuna pakruok: mtu anatoa pesa kidogo, muziki unasimamishwa, na yeye anajisifu au anamsifu rafiki yake kwa maneno makubwa kadiri awezavyo, watu wakishangilia. Swali la Shitanda lilikuwa ndilo swali ambalo mwenye kipaza sauti huwauliza watu pale. Mama Achola alikuwa na simu mkono mmoja na kipaza sauti mkono wa pili, na aliwajibu wote wawili kwa mpigo.

"Hiyo si taarifa," Aloo akasema. "Ni pakruok. Naomba msamaha. Tafadhali msiihesabu."

"Msichana," Maximilla akasema, "mimi ni mtu wa Kakamega, lakini nimekaa Kisumu miaka ishirini na sita. Pakruok naijua. Kwenye harusi ya dereva wetu nilisifiwa kwamba nikikohoa, umeme unarudi. Siulizi kama ni kweli. Nauliza kwa nini mvua. Angekusifia urembo, au masomo, au ukoo wenu. Amechagua mvua, tena mara mbili. Kwa nini?"

"Hakuna kitu, mama. Ni daftari tu."

"Daftari gani?"

"Si kazi. Hakuna aliyenipa."

"Sijauliza nani alikupa."

Basi Aloo akaeleza, na kwa kuwa alikuwa amekata tamaa ya kazi hiyo, alieleza bila mapambo. Omena huanikwa juu ya nyavu kuukuu ufuoni, na ili ikauke inahitaji jua la kutwa. Ikinyeshewa katikati ya siku hubadilika rangi, ikanuka, na wanunuzi huikwepa. Wanawake wa kikundi walikuwa wakitazama mbingu, na kila mmoja alikuwa na maoni yake. Huyu anakunja, yule anasema bado, na mwisho mvua inawakuta wakibishana. Januari 2024, akiwa amerudi nyumbani na shahada isiyo na pa kwenda, Aloo alinunua daftari la kurasa mia mbili akaanza kuandika anachokiona.

"Ukiondoa miezi ya kufungwa kwa uvuvi wa omena na siku za mwezi mpevu ambazo wavuvi hawaendi ziwani, hadi jana nimeandika siku mia mbili arobaini na moja za kuanika," akasema. "Kutoka ufuoni kwetu unakiona kisiwa cha Mageta. Kuna wakati ukungu wa mvua unakifunika, kisiwa kinapotea. Kimepotea mara sitini na moja. Mara arobaini na saba mvua ilifika kwetu ndani ya saa moja. Hiyo ni sabini na saba kwa mia. Inapofika, nusu ya mara imefika kabla ya dakika thelathini na nne."

Shitanda alikuwa ameichukua kalamu.

"Kwa hiyo tukanunua filimbi," Aloo akaendelea. "Tangu Januari mwaka huu, Mageta ikipotea, Mama Achola anapuliza, wote wanakunja nyavu na kufunika kwa turubai. Hakuna kujadiliana. Agosti na Septemba mwaka jana omena yetu ilinyeshewa siku kumi na nne. Agosti na Septemba mwaka huu, siku nne."

"Labda mwaka huu mvua ilikuwa chache," Shitanda akasema.

"Niliwaza hivyo pia. Kikundi cha jirani hakina filimbi. Mwaka jana walinyeshewa siku kumi na mbili, mwaka huu kumi na moja. Kwa hiyo si mvua peke yake. Lakini ni miezi miwili tu, na vikundi viwili. Singeweza kusema kwa uhakika zaidi ya hapo."

Maximilla alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso na kuivaa.

"Na hili halimo kwenye wasifu wako."

"Sikuajiriwa, mama."

"Daftari liko wapi?"

"Usenge. Leo wanaanika, linatumika."

Maximilla akamtazama Shitanda. Shitanda akaitoa simu, akaiweka mezani, akafungua sauti ya nje. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika mbili.

"Haloo! Nani huyo?" Sauti ya Mama Achola ilijaa chumba.

"Ni Shitanda, wa Lishe Winam."

"Yule bwana wa Jumamosi! Simu ilikatika, bwana. Sikumaliza!"

"Ninashukuru, mama. Leo tunaomba nambari tu. Daftari liko karibu?"

"Liko hapa, nimelikalia lisipeperuke."

"Agosti na Septemba ya mwaka jana, omena ilinyeshewa siku ngapi?"

"Ngoja nivae miwani." Kurasa zikasikika zikifunuliwa. "Kumi na nne."

"Na mwaka huu?"

"Nne. Na katika hizo nne, moja ni ukaidi wa mamake Aloo. Alikataa kukunja, akasema filimbi yangu ina wasiwasi. Basi akaloa yeye na..." Sauti ikasita. "Ngoja. Ngoja kwanza, bwana. Mageta imepotea."

Filimbi ikalia ndani ya simu kwa nguvu hivi kwamba Shitanda alirudisha kichwa nyuma. Ikafuata sauti ya mtu akifoka: "Kunja! Nyinyi wa upande ule, kunjeni! Maneno baadaye!" Miguu ikapita mbio. Ndoo ikaanguka. Kisha simu ikakatika.

Aloo alikuwa ameshaitazama saa.

"Saa tano na dakika sita," akasema.

"Sasa itakuwaje?" Maximilla akauliza.

"Sabini na saba kwa mia itanyesha. Ikifika saa sita na dakika sita bila mvua, tunaandika sifuri."

"Basi kaa nje. Tutaendelea na wengine. Saa sita na dakika sita rudi hapa."

Ukumbini sasa kulikuwa na viti vitupu. Waswa alikuwa bado yupo, akila njugu kutoka kwenye karatasi.

"Vipi, wamekupa?"

"Wanasubiri mvua."

Waswa alitazama dirishani. Jua lilikuwa linapasua lami. "Mvua ipi?"

"Ya Usenge."

"Kazi ya Kisumu inasubiri mvua ya Usenge?"

"Ndiyo."

"Aisee. Mimi nimechora nati."

Alimgawia njugu, akataka kuelezwa yote, na akaelezwa. Wengine wakasogeza viti. Baada ya robo saa kila aliyebaki ukumbini alikuwa na msimamo wake. Msichana mmoja wa biashara alisema itanyesha kabla ya dakika ishirini. Kijana wa kemia alisema hainyeshi ng'o. Wote walikuwa wakichungulia mbingu ya Kisumu, ambayo haikuhusika hata kidogo, maana Usenge ni kilomita tisini hivi kutoka pale. Mwenye tai ya kijani alisikiliza kimya, kisha akauliza swali la kwanza la maana.

"Umeshuhudia mara ngapi?"

"Sitini na moja."

"Si mbaya," akasema. "Mimi ningependa mia."

"Na mimi pia, mwalimu," Aloo akasema, na safari hii mtu yule hakukataa kuitwa hivyo.

Saa tano na dakika arobaini ikafika, ikapita. Aloo aligundua kwamba anaitaka mvua. Kwa siku mia mbili arobaini na moja hakuwahi kuitaka wala kuikataa. Alikuwa akiiandika tu. Sasa alikaa na mikono katikati ya magoti akiitaka kama mkulima wa Ahero mwenye miche inayokauka, na jambo hilo halikumpendeza.

Saa sita na dakika sita alirudi chumbani. Shitanda alipiga simu. Ililia mara moja tu.

"Imenyesha!" Mama Achola akapaza sauti kabla ya kusalimiwa. "Bwana Shitanda, mvua ya kupasua mabati! Vile vile alivyosema Aloo! Mwandikeni kazi leo leo!"

Shitanda akaandika. "Ilianza saa ngapi, mama?"

"Saa tano na dakika arobaini! Dakika thelathini na nne kamili!"

Nyuma ya sauti yake, mbali kidogo na simu, mwanamke mwingine akauliza jambo kwa Kijaluo, kwa haraka, kisha akauliza tena. Shitanda hakuinua kichwa. Maximilla alikuwa akitazama dirishani. Aloo alikuwa amesikia kila neno. Mwanamke yule alikuwa anauliza kama waanike tena, kwa sababu jua linachoma na halijadondoka hata tone.

Kwenye karatasi ya Shitanda maneno yalisomeka hata kutoka upande wa pili wa meza: *Imenyesha, 11:40.* Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Kazi ilikuwa ndani ya mstari huo. Palihitajika jambo moja tu, kunyamaza, na Aloo alinyamaza. Mshale wa sekunde ulizunguka kutoka kwenye tatu hadi kwenye nane.

Kisha akainama kuielekea simu.

"Mama Achola, ni mimi."

"Aloo, nyathina, mwanangu! Umesikia? Imenyesha!"

"Daftarini unaandika nini?"

"Daftarini?"

"Siku ya mia mbili arobaini na mbili. Safu ya mwisho. Unaandika nini?"

Upepo wa ziwa ulisikika ukipiga kwenye simu.

"Naandika sifuri," Mama Achola akasema kwa sauti ya chini. Kisha akapandisha: "Lakini Aloo, hao watu wa kiwanda hawamo daftarini!"

"Wamo, mama. Andika sifuri. Halafu waambie waanike tena, jua lisiwapite."

"Wewe msichana! Hizo sifuri utazila?"

"Andika, mama."

"Nimeandika. Nimeandika kwa kalamu nyekundu, maana nimekasirika. Bwana Shitanda! Unanisikia? Nilichosema Jumamosi sikiondoi, hata neno moja!"

Simu ikakatika. Shitanda aliichukua rula, akayakata maneno yake kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake: *Haikunyesha.*

"Kwa hiyo sasa ni arobaini na saba kati ya sitini na mbili," Aloo akasema, kwa sababu hesabu ilikuwa imebadilika na hakuna aliyekuwa ameisema. "Sabini na sita kwa mia."

Maximilla aligeuka kutoka dirishani.

"Kijaluo nakisikia," akasema. "Ulijua?"

"Hapana, mama."

"Kukisema, sijui vizuri. Kukisikia, nakisikia. Yule mama alitaka kuanika tena." Akaipandisha miwani kwenye paji la uso. "Sisi hapa hununua omena tani nyingi kwa wiki. Kila anayeleta gunia anasema ni kavu. Anasema kwa upendo, na anaapa kwa jina la mtoto wake. Asante, Dorca. Shitanda, mwite anayefuata."

Waswa alikuwa mlangoni na karatasi ya njugu imekwisha.

"Imenyesha?"

"Haikunyesha."

"Pole sana."

"Kijana wa kemia ndiye amepatia," Aloo akasema.

"Hata yeye amekosa raha. Amesema angependa kukosea." Waswa alimsindikiza hadi kwenye geti, wakabadilishana nambari za simu, na Aloo akapanda bodaboda akaenda zake.

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba, saa tatu na dakika kumi na tano asubuhi, Aloo alikuwa Usenge akisambaza omena kwenye wavu pamoja na mama yake. Simu yake ililia. Mama Achola alitupa ndoo chini, akaja akitembea haraka kuliko umri wake.

"Weka sauti ya nje," akaamuru. "Kama ni matusi, tuyasikie sote."

"Dorca Aloo?" ilikuwa sauti ya Shitanda. "Nafasi ni yako. Idara ya ubora, upokeaji wa omena. Utaanza Jumatatu, tarehe 3 Novemba. Mkataba ni wa mwaka mmoja. Baada ya mwaka huo sina la kukuahidi, kwa sababu halijaamuliwa. Swali?"

"Waliobaki kumi na wanane?"

"Tumewaandikia. Wawili tumewaweka kwenye orodha ya kusubiri, lakini orodha si kazi, na nimewaambia hivyo."

"Na daftari?"

"Meneja anataka kuliona. Anataka madaftari mengine matatu kama hilo, kwa fuo tatu tunazonunulia, ukiwemo wa Luanda Kotieno. Hiyo itakuwa sehemu ya kazi yako."

Aloo alishukuru. Hakuweza kusema zaidi ya hapo, kwa sababu Mama Achola alikuwa ameipuliza filimbi. Wanawake ishirini, kwa mazoea ya miezi kumi, wakazikunja nyavu zote na kuzifunika turubai chini ya jua kali, Mageta ikionekana wazi kama sahani mezani. Mamake Aloo peke yake hakukunja. Alisimama na mikono kiunoni.

"Sikusema?" akawauliza wenzake. "Hiyo filimbi ina wasiwasi!"

Iliwachukua dakika ishirini na tano kuanika upya, kwa kicheko kingi. Aloo aliandika daftarini kwamba kukunja huku hakukutokana na kisiwa, ili kusiingizwe kwenye hesabu.

Jioni alipokea ujumbe kutoka kwa Waswa: "Nimesikia. Umeninyeshea, dada. Hongera kabisa." Wiki mbili baadaye ujumbe mwingine ulifika, wenye picha ya mashine kubwa ya kijani. Waswa alikuwa amepata mkataba wa miezi mitatu wa kutengeneza mitambo katika kinu cha mpunga Ahero. Chini ya picha aliandika: "Nati zote nazijua kwa majina."

Jumatatu, tarehe 3 Novemba, Aloo alifika kiwandani saa moja na dakika hamsini asubuhi akiwa na daftari, na akiwa na Mama Achola. Mama Achola alikuwa amevaa gauni la kanisani, filimbi shingoni. Alieleza getini kwamba amekuja kumwomba radhi Bwana Shitanda kwa ile mvua, ana kwa ana, na pia kumalizia yale ya Jumamosi ambayo simu iliyakatiza. Askari wa geti hakuona safu ya jambo kama hilo kwenye kitabu cha wageni, akamruhusu.

Shitanda alizipokea radhi akiwa amesimama. Kisha akasikiliza pakruok iliyobaki, dakika nne, kalamu mkononi. Ilimhusu Aloo sehemu ndogo. Sehemu kubwa ilimhusu yeye mwenyewe, Shitanda wa Lishe Winam, ambaye kalamu yake ikiandika hata inzi hukaa foleni. Wafanyakazi wa mapokezi walipiga makofi. Shitanda hakutabasamu, ila masikio yake yalibadilika rangi.

Saa nne mpiga picha alimsimamisha Aloo kwa picha ya mwaka. Aloo peke yake alionekana mdogo mno katikati ya fremu, na mpiga picha alirudi nyuma, akaja mbele, akarudi nyuma tena, akalalamika. Maximilla, aliyekuwa akipita na faili, alisimama akatazama.

"Mama," akamwambia Mama Achola, "hebu simama pale."

Ijumaa, tarehe 7 Novemba, saa nane na dakika ishirini mchana, Shitanda aliitundika picha kwenye msumari mpya, akaipima kwa rula pande zote mbili. Chini yake, kwa mwandiko mzuri, aliandika: *Wanagenzi, 2025.* Katika picha hiyo kuna watu wawili, na mmoja ana filimbi shingoni.